Maswali yenu: Nimepewa mtoto wa kulea, wifi anasema nimpeleke bweni

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Tangu mwaka jana mimi na mume wangu tumepewa na ustawi wa jamii mtoto wa kiume tumlee, yale malezi ya kambo, ana miaka 10. Kabla ya hapo alikuwa kwa bibi yake, bibi akafariki akaenda kwa baba yake mdogo, kisha akapelekwa kituoni, na kila alipohamia shule nayo ilibadilika. Hapa wamemweka darasa la tatu kwa sababu mwenyewe alisema ndilo alilokuwa. Sasa Mwalimu, huyu mtoto hajui kusoma. Ubaoni anakopi vizuri kabisa, mwandiko msafi, ila mwambie asome alichoandika ananyamaza. Jioni nikisema tufanye homuweki tumbo linamuuma. Na kuna kitu kinaniumiza sana, kila usiku anatoa madaftari kwenye begi la shule anapanga nguo zake humo, asubuhi anazitoa anarudisha madaftari, siku nyingine anayasahau anachapwa. Wifi yangu anasema nimpeleke bweni atanyooka, na mume wangu naye ameanza kukubali. Nifanyeje?
Mama Mlezi, Morogoro

Marahaba mdogo wangu, na ahsanteni kwa kumpokea huyo mtoto.

Bweni hapana. Kwanza tangu Machi 2023 Kamishna wa Elimu alishazuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalum, na wako yuko la tatu. Pia huyo mtoto yuko chini ya ustawi, huwezi kumbadilishia makazi kimya kimya bila afisa ustawi wenu kujua na kukubali, mwambie mumeo hilo. Ila hata kama ingekuwa ruksa bado ningekwambia usimpeleke. Huyo anapanga nguo kila usiku kwa sababu ameshazoea kwamba siku yoyote watu wanakuja kumchukua, kwa bibi ilikuwa hivyo, kwa baba mdogo hivyo, kituoni hivyo, sasa na nyie mkimpeleka bweni mmemhakikishia kwamba alikuwa sahihi kukaa tayari. Mtoto anayesubiri kuondoka hawezi kusoma, akili yote iko mlangoni.

Kwa hiyo mnunulie begi la pili, hata la mtumba, mwambie hili ni la nguo zako, kaa nalo kitandani ukitaka. Usimkataze kupanga na wala usimhoji. Begi la shule libaki na madaftari, hapo na ile ya kuchapwa kwa kusahau itakuwa imeisha. Siku akiacha kupanga utaona mwenyewe, usimpigie makofi wala usiwahadithie majirani.

Sasa kusoma. Mtoto wa kuhamahama mara nyingi anajifunza kukopi haraka sana maana ndicho kinachomfanya asionekane, mwalimu akipita anaona daftari limejaa anaendelea na wengine, darasa lenyewe lina watoto wangapi. Wewe chukua kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, kaa naye peke yenu bila wale wako wawili kuwepo, msikilize tu. Angalia anakwamia wapi. Kuna wanaosoma baba, kaka, meza vizuri halafu wakikuta mbuzi, nyumba, ng'ombe wanasimama, maana yake silabi zenye konsonanti mbili kama mb na ny alizikosa, labda wiki zile zilipofundishwa ndio bibi alikuwa mgonjwa. Mwingine hata a e i o u hana uhakika. Popote alipo ndipo muanzie, na iwe dakika 15 kwa siku, kila siku, muda uleule, baada ya kula na sio kabla. Tuisheni ya masaa mawili kwa sasa achana nayo. Na kama anaona aibu kusoma kitabu cha la kwanza, mpe amsomee mdogo wake hapo nyumbani, hapo anakuwa kaka anayesaidia.

Shuleni nenda wewe na mumeo muongee na mwalimu wa darasa pamoja na mwalimu mkuu. Waambieni kinachohusu masomo, kwamba amebadilisha shule mara kadhaa, hajui kusoma, mnafanya naye kazi jioni, na nani aruhusiwe kumchukua getini. Historia ya familia yake haiwahusu, ukiisema ofisini leo kesho inasemwa darasani. Ombeni apimwe KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wakubaliane anahitaji nini, maana mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na akifika pale hivyo alivyo atarudishwa darasa mbele ya wenzake. Muulizeni pia Afisa Elimu Kata kuhusu MEMKWA, ule mpango wa waliokosa elimu ya msingi, kama kuna darasa lake karibu na kama linamfaa. Na ulizeni kama uhamisho wake ulikamilika kwenye PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, shule ya zamani inatakiwa kumwachia, msije mkakimbizana na hilo wakati wa usajili wa mtihani.

La mwisho, muombe afisa ustawi akija kumwona mtoto aje nyumbani jioni. Kuitwa katikati ya kipindi kila mtu akiangalia, hakuna mtoto anayependa.

Mwalimu, na mimi nalea mtoto kwa utaratibu wa ustawi, shule wanataka cheti cha kuzaliwa na hana. Jirani ananishauri niandikishe jina langu na la mume wangu kama wazazi ili yaishe. Ni sawa?
Baba J, Dodoma

Si sawa baba, na usifanye. Kulea kwa kambo sio kuasili, kuasili kunapitia Mahakama Kuu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na ndugu zake, sasa ukijiandika mzazi umemfutia hiyo njia, na siku shangazi yake akijitokeza unaonekana umeiba mtoto. Nenda na afisa ustawi kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya wanakoshughulikia vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa usajili, beba chochote kilichopo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji, na karatasi za ustawi zinazoonyesha mtoto yuko kwako kihalali. Wakati hilo linaendelea muombe afisa ustawi akuandikie barua ya shule ili mtoto asikae nyumbani akisubiri cheti.

Habari Mwalimu, mimi ni ticha wa darasa la kwanza. Nina mtoto anayelelewa na familia isiyo yake. Juzi niliwaambia wachore baba, mama na ndugu, akalia mpaka akatapika. Sikujua nifanye nini.
Ticha, Kahama

Nzuri mwalimu mwenzangu. Zoezi libadilishe kwa darasa zima, sema chora watu unaoishi nao au mtu anayekupikia, kila mtoto ana jibu hapo na huyo hatengwi. Ukiita kikao andika "mzazi au mlezi", na siku ya kikao usiulize darasani nani mzazi wake hajaja. Michango ya uji ikichelewa mpigie mlezi, usimsimamishe mtoto, elimu bila malipo ipo tangu Januari 2016 ila uji, daftari na sare bado ni za nyumbani na yeye hana anachoweza kufanya. Ukimwona anasinzia usikimbilie kiboko, muulize pembeni kama amelala. Na kesho asubuhi akifika mpe kazi ndogo ya kugawa chaki au kukusanya madaftari, asiingie darasani akijulikana kama yule aliyetapika.