Cheti cha Obama cha Mombasa ni feki

Hicho cheti cha kuzaliwa kinachodai eti Obama, yule aliyekuwa rais wa Marekani, kazaliwa Mombasa ni feki, kitambo sana kilishaanguka. Kiangalieni juu kabisa, kimeandikwa Jamhuri ya Kenya na tarehe yake ni Februari 1964, wakati Kenya imekuwa jamhuri 12 Desemba 1964, sasa huyo karani aliiota au? Halafu muundo wake ulikuja kugundulika umekopiwa kwenye cheti cha mtu wa Australia wakabadilisha majina tu. Obama kazaliwa Honolulu, Hawaii, 4 Agosti 1961, na magazeti mawili ya hukohuko yalitoa tangazo la kuzaliwa kwake mwezi huohuo, nimeziona picha za hizo kurasa, ni kamstari kadogo tu katikati ya watoto wa watu wengine, nani angepanga mchezo huo miaka 47 kabla ya uchaguzi wa 2008 jamani? Cheti chake kirefu cha Hawaii, kile chenye maelezo kamili ya kuzaliwa, kilitolewa Aprili 2011 na hata Trump mwenyewe aliyeushikia bango huo uvumi alikubali Septemba 2016 kwamba Obama kazaliwa Marekani. Babake ndo mtu wa Kenya, Siaya huko, hapo hamna ubishi.