Kikombe cha Kaka Kimetengwa: Je, Saratani ya Kinywa ni ya Ukoo?

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza nguo za watoto Gikomba na nakaa Umoja. Baba yetu alifariki 2021 kwa saratani ya ulimi. Alivuta sigara tangu ujana, na chang'aa hakuikosa. Sasa kaka yangu mkubwa, miaka 46, ametokwa na doa jeupe chini ya ulimi, upande wa kushoto. Yeye havuti, ila ugoro hautoki mdomoni mwake. Wazee wanasema ugonjwa huu uko katika damu ya ukoo wetu, hauna kinga. Wifi yangu naye amesikia kwamba saratani ya mdomo huletwa na virusi, na tangu Pasaka kikombe na sahani ya kaka vinaoshwa kando. Halafu binti yangu wa gredi ya nne ameletwa karatasi ya chanjo ya HPV kutoka shuleni. Nimsikilize nani?
Dadake Mtu, Umoja

JIBU: Dadake Mtu, pole kwa kumpoteza mzee. Kabla ya lolote, mrudishieni kaka kikombe chake leo hii. Saratani haiambukizwi kwa kikombe, sahani wala kijiko, na kumtenga mtu mezani nyumbani kwake mwenyewe humfanya afiche mdomo wake. Mimi nimetazama vinywa vya watu wa jiji hili kwa miaka 26, na wanaofichwa au wanaojificha ndio hunifikia wakiwa wamechelewa.

Wifi yako hakutunga neno. Virusi vipo, vinaitwa HPV, na ndivyo chanjo ya binti inavyokinga. Aina yake moja, ya 16, hushika zaidi mafindofindo na shina la ulimi, kule nyuma ambako hata kioo hakikuonyeshi. Huingia hasa kwa ngono ya mdomo, na watu wengi wakikipata kirusi hicho mwili hukimaliza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hukaa miaka na miaka. Kirusi hicho hutengeneza protini mbili, E6 na E7, na kazi yake ni kuziharibu protini za mwili zinazoizuia seli kugawanyika ovyo. Huko Marekani, saratani nyingi za koromeo siku hizi zinatokana nacho. Lakini doa la kaka liko mbele, chini ya ulimi, mahali ambapo HPV huhusika mara chache. Hapo mshukiwa wangu wa kwanza ni kikopo cha ugoro.

Sasa damu ya ukoo. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na nataka unielewe vizuri. Kila saratani ni ugonjwa wa jeni, yale maagizo yaliyomo ndani ya seli, ni kweli. Ila jeni kuharibika ni jambo moja, na kurithi jeni iliyoharibika ni jambo lingine. Ipo jeni moja iitwayo TP53. Ifikirie kama kondakta makini wa matatu: akiona mlango haujafunga, anagonga bodi gari lisimame. Seli ikipata hitilafu, protini ya jeni hiyo huisimamisha itengenezwe, au huiamuru ife. Katika saratani nyingi za kinywa za wavutaji na wanywaji, jeni hii imeharibika, na imeharibikia papo hapo mdomoni, miaka mingi baada ya mtu kuzaliwa. Kemikali za tumbaku ndizo huitoboa. Pombe nayo mwilini hugeuka asetaldehaidi, sumu inayoharibu jeni, na mtu akichanganya sigara na pombe hatari huzidishana, haijumlishwi tu. Hivyo ndivyo ninavyousoma ugonjwa wa mzee wenu. Uharibifu uliokuwa ulimini mwake hakuwarithisha.

Yako magonjwa machache ya kurithi yanayoleta saratani ya kinywa. Mojawapo ni anemia ya Fanconi, ambayo kwa kawaida mtoto huipata wazazi wote wawili wakiwa wameibeba jeni yake. Hatari ya saratani ya kinywa kwa mgonjwa wa namna hiyo ni mara mia kadhaa ya mtu wa kawaida. Lakini mara nyingi ugonjwa huo hujionyesha utotoni kwa damu kupungua. Kaka amefika miaka 46 bila shida hiyo. Kuwa na mzazi aliyeugua huongeza hatari kidogo, na sehemu ya ongezeko hilo ni mazoea ya nyumba moja: mtoto huona baba akitumia tumbaku, naye huitumia.

Doa lenyewe sasa. Madoa meupe mengi hayawi saratani kamwe. Ila lililo chini ya ulimi, kwa mtumiaji wa tumbaku, siliachi. Likiwa na wekundu ndani yake naliogopa zaidi. Mpeleke Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, akatwe kipande kidogo kikapimwe maabara. Atapigwa ganzi, na arudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Najua atakachosema: kisu kikigusa saratani inasambaa. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na linaniumiza. Mwaka juzi alinijia fundi wa vyuma wa jua kali. Meno mawili yalilegea, kliniki moja ikayang'oa, kidonda kikagoma kupona. Alipoambiwa akatwe kipande alikataa kwa hofu hiyo, akakaa miezi saba akisukutua mitishamba. Kisu hakikuwa kimemgusa, na bado saratani ilikwisha fika kwenye tezi za shingo. Kilichoisambaza ni ile miezi saba. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu bila kupona, kionyeshwe daktari.

Kuhusu binti, tia sahihi karatasi ile. Serikali iliingiza chanjo ya HPV katika chanjo za kawaida Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10, bila malipo. Lengo lake kuu ni saratani ya mlango wa kizazi, lakini aina ya 16 inayokingwa ndiyo ile ile ya koromeo. Hutolewa mapema ili ikitangulie kirusi.

SWALI: Daktari, natumia ARV. Nimeona alama ya zambarau kwenye kaakaa. Haiumi. Ningoje?
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Usingoje, ndugu yangu. Inaweza kuwa saratani ya Kaposi, inayotokana na kirusi kingine, HHV-8, kilichogunduliwa 1994. Hupenda kaakaa, na mwanzoni haiumi. Inatibika, na ARV zenyewe ni sehemu kubwa ya tiba. Nenda kliniki yako kesho asubuhi hata kama tarehe yako ya dawa haijafika, ufungue mdomo waone, na uwaambie kama kuna siku ulizoruka dozi.