Beetle Kutupa Mkia: Kaza Mbele, Nyuma Iache Ipumue

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Kanunua Volkswagen Beetle ya 1967, injini nzima, chasisi haijaliwa na kutu, ila ana shida moja: "Kaka, nikiingia kona kwa kasi kidogo tu nyuma inanyanyuka, moyo unaruka. Fundi kaniambia nifunge shokapu ngumu pande zote na stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo ya chuma ya kuzuia gari lisilalie upande kwenye kona. Ninunue?"

Hapana, mdogo wangu, usinunue. Na kwa kuwa wenye hizi gari wanaopewa ushauri huo ni wengi, acha nijibu kwa kirefu. Jambo hili lina historia kwangu na bado linaniuma.

Beetle yangu nayo ni ya ekseli za kubembea, yaani kila ekseli ya nyuma inapanda na kushuka peke yake, kama nitakavyoeleza. Niliipeleka kwenye gereji moja iliyokuwa ikisifiwa na kila mtu. Wakafunga shokapu za gesi ngumu kuliko zote walizokuwa nazo, wakaweka stabilaiza nene ya nyuma, wakanikabidhi ufunguo na bili. Kwa macho ilipendeza kweli, imetulia chini, haichezi. Kisha siku moja, mvua imeanza tu kunyesha, niko kwenye kona ndefu inayoshuka, lori lililokuwa mbele likawasha taa za breki. Nikaachia mafuta. Kilichotokea nilikihisi kiunoni kabla ya kukiona: kiti kilininyanyua, kama kuna mtu amepiga jeki chini yangu, halafu mkia ukatoka. Gari lilipokuja kusimama lilikuwa limeelekea nilikotoka, tairi mbili zikiwa upande wa wenzetu. Mungu alitaka hakukuwa na aliyekuja.

Niliporudi gereji kuuliza, niliambiwa sijui kuendesha. Tena mbele ya wateja. Niliondoka kimya, gari nikaliegesha muda mrefu nikiwa sitaki hata kuliona. Lakini hasira ile ndiyo iliyonilaza chini ya gari nikiwa na tochi na kitabu cha ufundi mpaka nikaelewa.

Elewa na wewe. Kwenye Beetle ya aina hii, kila ekseli ya nyuma ina kiungo kimoja tu, pale inapoingia kwenye giaboksi. Upande wa tairi hakuna kiungo. Kwa hiyo tairi haina uhuru wake: ekseli ikielekea chini, tairi nayo inainama, kichwa chake nje, nyayo zake ndani. Ukiwa kwenye kona, barabara inaisukuma tairi ya nje kuelekea ndani ya gari. Msukumo ule unapita kwenye ekseli na kuunyanyua mwili wa gari. Mwili ukipanda, tairi inazidi kuingia chini, inabaki imekanyaga kwa ukingo, na ukingo haushiki lami. Ukiachia mafuta au ukigusa breki wakati huo, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na kupanda zaidi. Injini iko nyuma, kwa hiyo mkia ukishaondoka, umeondoka na uzito wake wote.

Sasa fikiria stabilaiza ya nyuma inafanya nini hapo. Kazi ya stabilaiza ni kuzuia gari lisilalie upande. Lakini upande unaouzuia usilale ndio upande unaobebeshwa mzigo zaidi kwenye tairi ya nje. Ukiikaza nyuma, unaibebesha tairi ya nje ya nyuma, ile ile ambayo tayari imesimama kwa ukingo. Umeharakisha ugonjwa. Ukikaza mbele, mzigo wa kulala unachukuliwa na tairi ya mbele ya nje, nyuma inapumua, na gari likizidiwa kwenye kona linaanza kusukuma pua nje kidogo, jambo ambalo dereva wa kawaida analimudu. Tatizo linaonekana nyuma, ila sehemu kubwa ya dawa iko mbele.

Hii siyo nadharia yangu. Waliotengeneza magari ya aina hii walipita njia hiyo hiyo. Porsche 356 Super 90 ilitoka na jani la springi lililolala kukatiza chini ya giaboksi, likishika ekseli zote mbili. Chevrolet Corvair ilianza 1960 na ekseli za kubembea, na ilipofika modeli ya 1964 General Motors wakaongeza stabilaiza ya mbele pamoja na jani la springi la nyuma. Modeli ya 1965 wakabadilisha mfumo mzima wa nyuma. Volkswagen wenyewe waliweka stabilaiza ya mbele kwenye Beetle tangu modeli ya 1960, na modeli ya 1967 ikaja na fimbo ya nyuma yenye umbo la herufi Z. Fimbo hiyo watu wanaiona wanadhani ni stabilaiza, wanaing'oa ili waweke "iliyo bora". Siyo stabilaiza! Haizuii gari kulala hata kidogo. Inafanya kazi pale tairi zote mbili zinapobanwa kwenda juu kwa pamoja, kama ukipakia watu nyuma, na hivyo iliwaruhusu Volkswagen kulegeza springi kuu. Ukiikuta kwenye gari lako, iache, hakikisha tu raba na viungo vyake ni vizima.

Kwenye vifaa, kanuni yangu ni kutonunua chochote cha kuboresha kabla ya kurudisha kilichochakaa. Mimi nilikuta bushi za nyuma zimekuwa kama ugoro. Raba ya kiungo cha usukani, ile karibu na staring boksi, ilikuwa na nyufa hadi ndani, na watu walikuwa wananiambia tatizo ni staring boksi yenyewe. Boljointi, viungo vya tairi za mbele, kagua moja moja (modeli za hadi 1965 zina kingipini badala yake, hizo zinataka grisi bila uvivu). Mirija ya ekseli ya mbele ipige grisi gari likiwa limenyanyuliwa, tairi zinaning'inia, vinginevyo grisi haifiki inakotakiwa. Na staring boksi usiikaze kupita kiasi ili kuua mchezo, itabana kwenye kona na usukani hautarudi.

Halafu matairi. Radial za 165 kwa rimu za inchi 15 zinatosha kabisa. Na upepo: Beetle haijazwi sawa mbele na nyuma. Mimi kwa radial naweka psi 18 mbele na 27 nyuma, na nimeshagombana na wajaza upepo wengi juu ya hiyo 18. Wanaona ni ndogo. Siyo ndogo, mbele hakuna injini, na tofauti hiyo ya mbele na nyuma ni sehemu ya jinsi gari linavyoshika barabara.

Stabilaiza ya mbele nene ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua. Ugumu wa fimbo ya chuma hauongezeki kwa unene peke yake, unapanda kwa unene kuzidishwa wenyewe mara nne, hivyo fimbo iliyoongezwa unene kwa robo tu inakuwa ngumu zaidi ya mara mbili. Usitafute iliyo nene kuliko zote dukani. Nilipoifunga yangu, nikatoa ile stabilaiza takataka ya nyuma, nikaenda kwenye barabara ile ile ya kushuka, kwa makusudi. Ilikata kona kama imechorewa mstari. Nakiri machozi yalinilenga. Sasa hivi mke wangu hulala kiti cha pembeni barabara nzima ya milimani, na wale walioniambia sijui kuendesha wamewahi kuniomba niwaonyeshe chini ya gari. Niliwaonyesha.

Kwenye shokapu, ngumu siyo sifa. Beetle ni nyepesi, na shokapu ya gesi yenye shinikizo kubwa inaongeza nguvu ya kunyanyua, kitu ambacho nyuma hakitakiwi. Chukua zenye mirija miwili kama KYB Excel-G badala ya Gas-A-Just za mrija mmoja, au Koni zinazorekebishika ukianzia kwenye kipimo laini.

Kushusha nyuma ndiko kunahitaji subira. Shabaha ni tairi zisimame wima, au vichwa viingie ndani kidogo, digrii moja hivi, dereva akiwa ameketi. Toshenba ya nyuma, fimbo ya chuma inayojipinda kufanya kazi ya springi, ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni digrii 9, la nje ni 8 na kidogo. Ukiruka jino la nje peke yake umeshusha sana, gari litakaa kama limevunjika mgongo. Siri ni kuzungusha ndani jino moja upande mmoja na nje jino moja kinyume chake. Inayobaki ni chini ya digrii moja, na hapo ndipo unapocheza. Pima pembe ya bamba la springi, lile linalounganisha toshenba na ekseli, kwa pimamaji yenye digrii, kulia na kushoto zilingane. Toshenba zimewekwa alama L na R, usizibadilishane. Na bamba lile linakaa kwenye ukingo wa chuma likiwa na nguvu yote ya springi. Ukilibandua kwa mtaimbo linashuka kwa kishindo, hivyo weka jeki chini yake na usiweke vidole wala uso mbele yake.

Kama gari lako halina ile fimbo ya Z, tafuta jani la kukatiza chini ya giaboksi, kama lile ambalo EMPI, wauza vifaa vya Volkswagen wa Marekani, waliliuza kwa ajili ya Beetle. Linazuia ekseli zisining'inie sana pale mwili unapopanda, bila kuongeza mzigo wa kulala upande wa nyuma. Ukishashusha mbele pia, mwambie fundi wa alaimenti aweke vipande vya chuma nyuma ya mrija wa chini wa ekseli ya mbele, usukani urudi wenyewe baada ya kona.

Nimesema sana kuhusu vyuma, lakini ndugu zangu, naona vijana wanashusha gari kwa ajili ya picha, tairi zimelala kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo, kisha wanapakia rafiki zao wanaingia barabara kuu. Acheni. Gari la zamani linataka mtu anayelijua kabla hajalipamba. Breki zote zimalizwe kabla ya kona, gia iwe imeshaingia, kisha mguu ubaki kwenye mafuta kidogo mpaka barabara inyooke. Ukigundua umeingia na kasi zaidi ya ulivyopanga, usiachie mafuta ghafla na usikanyage breki. Punguza taratibu, geuza usukani kwa upole. Jizoeze kwanza kwenye uwanja mpana usio na watu, lami ikiwa imelowa, mpaka ujue nyuma inavyoanza kupanda. Na ufunguo usimpe mtu mwingine, hata awe kaka yako wa damu, kabla naye hujampeleka uwanjani hapo, maana mguu wake umezoea gari la injini mbele na utaachia mafuta katikati ya kona bila yeye kuuambia.