Bando la kila siku au ruta?

SWALI: Shikamoo mhariri. Watoto wangu watatu wanamaliza bando kabla ya magharibi. Jirani kavuta faiba, intaneti ya waya. Nami nivute?
Mama, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andika daftarini kila shilingi ya vocha kwa mwezi mmoja, kisha ulinganishe na ada ya jirani. Mimi nilianza na modemu ya simu ya mezani, kilobiti 56 kwa sekunde: wimbo wa megabaiti 5 ulimaliza dakika 12, na muda wote huo hakuna aliyeweza kunipigia! Kwa megabiti 10 kwa sekunde, wimbo huohuo ni sekunde 4 (baiti moja ni biti nane). Hiyo inakutosha. Ukichagua ruta ya laini ya simu, kile kisanduku kinachogawa intaneti bila waya, ijaribu kwanza nyumbani. Haya mawe yetu makubwa huziba mawimbi. Na uulize gharama ya kuunganishwa kabla hujasaini.