Kabla ya Kumwita Fundi: Niliyojifunza Nikirekebisha Mkahawa Wangu Kisumu

Mkahawa wangu uko Kisumu, upande wa Nyalenda, ambako wenye majengo huinua baraza zao kwa kuhofia maji ya mvua. Baraza yangu ina kimo cha sentimita 45, yaani vidato vitatu. Kwa miaka mingi niliviona vidato hivyo kuwa kinga dhidi ya mafuriko, wala sikuwaza kwamba vilikuwa vikimfungia nje mteja anayetumia kiti cha magurudumu, ingawa Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo.

Nilipoamua kurekebisha, nilimwita fundi bila kumpa kipimo chochote. Alinijengea mteremko wa mita mbili, akausiriba kwa saruji hadi ukang'aa. Siku iliyofuata mwalimu mmoja mstaafu, mpenzi mkubwa wa samaki wangu wa mchuzi, alijaribu kuupanda, magurudumu yakateleza, na lau mhudumu asingemdaka kwa nyuma angebingirika hadi barabarani. Nilibomoa kazi yote nikalipa mara ya pili.

Kipimo cha kumpa fundi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu, hivyo baraza yangu ilihitaji mteremko wa mita 5.4. Nafasi hiyo sikuwa nayo mbele ya jengo, ikabidi mteremko upite ubavuni. Kileleni acha sakafu tambarare ya mita 1.5 kwa mita 1.5 ili kiti kipate kugeuka mlango unapofunguliwa, na saruji ikiwa bado mbichi ipigwe ufagio iwe na mikwaruzo. Tena udongo mweusi wa huku kwetu hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo uondoe na ujaze kifusi kabla ya kumwaga zege.

Chooni, mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufungukie nje, kwa kuwa mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio utakaowazuia wanaokuja kumsaidia. Vishikio vifungwe kwenye ukuta wa mawe. Na tafadhali, choo hicho kisigeuzwe stoo ya ndoo na kreti za soda, kama tulivyozoea.

Suala la sigara nililidharau nikidhani tangazo la ukutani lingetosha. Wavutaji walilitii, wakatoka nje, wakasimama juu ya mteremko mpya kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Anayekuja na kiti akakosa njia, na upepo wa alasiri kutoka ziwani ukaurudisha moshi wote mezani. Nilipoisoma vizuri Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 niliona kwamba hata veranda inayopakana na mahali pa umma imo katika marufuku, na anayevuta anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria inaruhusu kutenga chumba cha wavutaji kilichozibwa kabisa, chenye kupitisha hewa vizuri, lakini kwa mkahawa wa meza 12 gharama hiyo sioni ina maana gani. Mimi niliondoa visahani vya majivu na benchi la nje, nikahamishia tangazo chini ya mteremko, na kuwafundisha wahudumu kumwambia mteja kwa upole kabla hajawasha kiberiti.

Jambo la mwisho ni la malipo. Safari ya pili nilizuia sehemu ya pesa za fundi hadi mwalimu yule alipokuja kuupanda mteremko mwenyewe. Aliupanda bila kusukumwa, akashuka, kisha akasema kishikio cha kushoto kiko juu mno. Fundi alikishusha jioni ileile.