Usingizi wa Mzazi ni Sehemu ya Malezi ya Mtoto Mchanga

Mtoto wetu alikuwa na umri wa wiki nne nilipozinduka saa tisa usiku nikiwa nimeketi kwenye kochi, taa ikiwaka, mkono wangu wa kushoto ukiwa umelegea kabisa. Nilikuwa nimeketi hapo kumnyonyesha, na hadi leo sikumbuki macho yangu yalifumba wakati gani. Mtoto alikuwa ameteleza kutoka kifuani mwangu hadi kwenye upenyo kati ya ubavu wangu na mto wa kochi, na uso wake ulikuwa umegusa kitambaa. Alikuwa anapumua. Nilimwinua, nikamlaza begani, nikaisikia pumzi yake ya moto shingoni mwangu, kisha nikakaa nikitetemeka mpaka kulipokucha.

Kabla ya kujifungua nilikuwa nimeandaa nguo, nepi, shuka na beseni la kuogea, na nilikuwa nimesoma mengi kuhusu kunyonyesha na utunzaji wa kitovu. Jambo ambalo sikuliandaa, na ambalo hakuna aliyeniuliza, ni nani kati yetu angelala, saa ngapi na kwa muda gani. Niliamini kwamba mama anayempenda mwanawe hukesha, na kwamba kadiri nilivyochoka ndivyo nilivyokuwa nikitimiza wajibu wangu. Usiku ule wa kochi ulinionyesha kwamba mzazi aliyeishiwa usingizi ni hatari kwa mtoto hata kama anampenda kupita kiasi. Kochi ni miongoni mwa mahali pa hatari zaidi pa kusinzia na kichanga, kwa sababu mito yake laini na mwinamo wa mgongo wake humzamisha mtoto mahali asipoweza kugeuza uso apate hewa.

Ili mpange usingizi wenu, yafaa kwanza mwelewe usingizi wa mtoto ulivyo. Mtoto aliyezaliwa karibuni hulala saa 14 hadi 17 katika siku nzima, na mtu akisikia hesabu hiyo anaweza kudhani wazazi wanalalamika bure. Lakini saa hizo huja vipandevipande, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa humeng'enywa upesi, hivyo anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 mchana na usiku. Nilipopima kwa saa ya ukutani, mzunguko mmoja wa usiku ulinichukua karibu saa nzima: dakika thelathini za kunyonyesha, dakika kumi za kumcheulisha, kubadilisha nepi, kisha kumbembeleza hadi alale tena. Ikiwa ananyonya kila baada ya saa mbili tangu alipoanza kunyonya mara iliyopita, mama hubakiwa na saa moja tu, na ndani ya saa hiyo kuna muda wa kutafuta usingizi wenyewe. Aidha, mwili wa kichanga bado haujajifunza kutofautisha usiku na mchana. Mpangilio huo huanza kujengeka kidogo kidogo kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Kwa hiyo mtoto anayeamka kila mara hajadekezwa wala hajaharibiwa na mtu, na naomba wazazi wapya waache kujilaumu kwa jambo hilo.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza mume wangu kila kitu. Yeye alikuwa akilala chumba cha pili ili awahi kazini, nasi sote wawili tulikuwa tumeukubali mpango huo bila hata kuujadili. Tuliketi mchana, mtoto akiwa amelala na sisi tumekwisha kula, kwa sababu tulikuwa tumegundua kwamba mazungumzo yoyote ya saa nane usiku hugeuka kuwa ugomvi. Tuliugawa usiku vipande viwili. Kuanzia saa tatu hadi saa saba usiku mtoto angekuwa mikononi mwa baba yake, nami ningelala chumba kingine na mlango umefungwa. Kuanzia saa saba ningeshika zamu mimi, naye angelala hadi asubuhi. Nilinyonyesha kabla tu ya kulala ili matiti yasijae kupita kiasi, nikamwachia maziwa niliyokamua mchana, ambayo alimnywesha kwa kikombe kidogo kilichosafishwa vizuri. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa 4 katika joto la kawaida la chumba, na hadi siku 4 kwenye jokofu.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilikaa kitandani nikisikiliza kila kishindo na kuhesabu kila kilio. Usiku wa pili nilitoka mara mbili, na mara ya pili mume wangu alisimama mlangoni mtoto akiwa begani mwake, akasema kwa upole, "Lala, mke wangu, nipo naye." Usiku wa tatu nililala saa tatu na nusu mfululizo, na nilipoamka nilihisi kama mtu aliyetolewa pamba masikioni. Nilianza tena kukumbuka nilikoweka vitu, na niliacha kulia kwa sababu ya kijiko kilichoanguka.

Siyo kila mama anayeweza kukamua maziwa ya kutosha, hasa katika wiki tatu za mwanzo ambapo unyonyeshaji wenyewe bado haujakaa sawa. Kwa mama huyo nashauri njia nyingine ambayo nasi tuliitumia siku ambazo maziwa ya kukamua hayakupatikana: baba ndiye anayeamka, anabadilisha nepi, anamleta mtoto kwa mama, anakaa macho mama akinyonyesha, kisha anamchukua kwenda kumcheulisha na kumlaza. Saa nzima ya kuwa macho hupungua ikawa nusu saa kwa mama, na akisinzia yupo mtu wa kumwangalia mtoto. Kwa mzazi anayelea peke yake, ningemwomba atafute ndugu au rafiki mmoja wa kuaminika atakayempa saa nne za mchana, hata kama ni mara tatu tu kwa wiki, na asione haya kuomba jambo hilo waziwazi.

Hapa lazima niseme neno kuhusu wageni, kwa kuwa ndio waliokula saa zangu nyingi za mchana. Wengi walikuja kwa upendo, wakambeba mtoto nami nikawahudumia. Mama yangu mzazi ndiye aliyeugeuza utaratibu huo. Alipofika aliniambia, "Mwanangu, nipe mtoto wewe ukalale, vyombo nitaviosha mimi." Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza alete nini nilimjibu kwamba alete saa moja ya kushika mtoto nikiwa nimelala. Hakuna aliyechukia.

Wiki ya sita ndiyo iliyotupima kuliko zote. Kilio cha watoto wachanga huongezeka tangu wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne, na mara nyingi huwa kikali zaidi jioni. Wetu alianza saa kumi na mbili jioni na kuendelea hadi saa tatu usiku, akiwa ameshiba, amekauka na hana homa. Tulimbeba, tukatembea naye, tukamwimbia, tukazima taa, na jioni nyingine hakuna kilichosaidia. Jioni moja niliona mikono ya mume wangu ikikaza, naye mwenyewe aliiona. Alimlaza mtoto chali kitandani mwake, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala mablanketi, akatoka nje, akapumua kwa dakika tano, kisha akarudi. Nataka kila mzazi ajue kwamba hatua hiyo ni sahihi. Mtoto anayelia peke yake dakika chache mahali salama hadhuriki, lakini mtoto anayetikiswa kwa hasira anaweza kuvuja damu kwenye ubongo akapoteza uhai au kubaki na ulemavu wa maisha. Zamu za usingizi zilitusaidia hata hapa, maana aliyelala jana ana subira ambayo aliyekesha hana.

Kuhusu kama mtoto anashiba, niliumizwa na mhudumu mmoja wa afya aliyeniambia kwamba maziwa yangu ni mepesi, bila hata kumpima mtoto uzito. Nililia njia nzima. Siku mbili baadaye mhudumu mwingine alimpima, na uzito ulikuwa umeongezeka vizuri. Baada ya siku ya tano mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Katika siku za mwanzo anaweza kupungua hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, kisha huurudisha kwa takriban wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala chakula kingine.

Zipo pia dalili ambazo hazingoji zamu wala asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, anayekataa kunyonya, anayepumua kwa shida, anayepata degedege, aliyelegea asiamshike, mwenye umanjano uliofika viganjani na kwenye nyayo, au ambaye kitovu chake kina wekundu na usaha, apelekwe hospitali mara moja.

Limebaki jambo la huzuni, ambalo nimelichelewesha kwa sababu ni gumu kulisema. Akina mama wengi hulia na kubadilika hisia katika siku chache baada ya kujifungua, kwa kuwa homoni zimeshuka ghafla, na hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Isipopita, huenda ni sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, ambayo ni ugonjwa unaotibika, na akina baba nao huupata. Usingizi ndio ulionisaidia kutambua tofauti. Mtu aliyechoka tu, akipewa nafasi ya kulala, hulala. Mtu anayepewa nafasi, mtoto ametulia, nyumba iko kimya, naye analala macho wazi usiku baada ya usiku huku akiona hafai kuwa mzazi, huyo anahitaji kumwona daktari. Tangu mwaka 1987 wataalamu wana dodoso la maswali 10, linaloitwa la Edinburgh, ambalo hutumika kuitambua hali hii, na si aibu kuomba uulizwe maswali hayo unapokwenda kliniki. Mwenye mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kochi letu bado liko palepale, lakini tulikubaliana kwamba usiku hakuna anayeketi hapo na mtoto. Nikihisi kope zinakuwa nzito namkabidhi mwenzangu mtoto, au namrudisha kitandani kwake hata kama hajamaliza kunyonya, maana atalia na nitamnyonyesha tena.

Katika mwezi wa nne niliamka usiku mmoja matiti yakiwa yamejaa hadi kuuma, nikatazama saa, nikaona ni saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyekuwa ameniita. Nilikimbilia chumba cha pili na moyo ukinienda mbio. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono yote miwili juu ya kichwa, kifua kikipanda na kushuka, na pembeni mwa kitanda chake baba yake alikuwa ameketi sakafuni, macho wazi, kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze.