Ruhusa, idhini, na huyu mgeni “ufikiaji”

Msomaji wetu, msimamizi wa maabara ya kemia katika chuo kimoja, ameniletea tangazo analotaka kulibandika kando ya mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha kemikali zilizochanganyika na kuzipima, inayotumiwa na idara tatu. Linasema: “Ufikiaji wa mashine hii umekataliwa kwa watumiaji wasio na ruhusa. Tumia akaunti ya kila mtu.” Anauliza kama hapo pafaa ruhusa, idhini au kibali.

Yote matatu tumeyapata kwa Waarabu, na matumizi yameyagawia kazi. Ruhusa hutolewa hata kwa kutikisa kichwa. Idhini huwa na mamlaka nyuma yake. Kibali ni idhini iliyokwisha kuwa karatasi, ndiyo maana COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, hutoa kibali cha utafiti. Basi mkuu wa maabara atoe idhini, nawe uweke ruhusa katika mfumo. Swali limekwisha.

Lisilokwisha ni hilo “ufikiaji”, tafsiri ya “access” ya Kiingereza, ambalo hukuliuliza na ambalo nimelingojea kwa muda mrefu. Kufikia ni kufika katika kauli ya kutendea, na sina ugomvi na aliyefikia uamuzi, lengo au umri wa kustaafu. Lakini Mswahili akiambiwa mgeni amekuja, huuliza amefikia wapi, akitaka kujua atalala kwa nani. Kwa Kiswahili hicho, mtu aliyefikia kwenye mashine yako ameweka begi lake chini ya meza na anangoja chakula cha jioni.

Ningelivumilia kama kosa lake lingekuwa la sikio tu. Kugawa ruhusa kwenye chombo cha pamoja ni kutenganisha vitendo: mwanafunzi aendeshe sampuli zake kwa mbinu iliyokwisha kuhifadhiwa, asiiguse mbinu yenyewe, mchambuzi aweze kurekebisha mstari wa msingi chini ya vilele vya grafu ya matokeo na kukokotoa upya, ila matokeo ya awali yabaki yalivyo, kufuta faili na kubadilisha saa ya kompyuta kubaki kwa msimamizi ambaye hana sampuli zake kwenye foleni. Kuendesha, kusoma, kurekebisha, kufuta: ni vitenzi ambavyo hata mfagizi wa maabara anavielewa. Ukivimwaga vyote ndani ya “ufikiaji”, mwenye ruhusa ya kusoma grafu ataamini kwamba anaweza pia kuifuta, na tangazo lako ndilo litakalomtetea.

Halafu “umekataliwa”. Kinachokataliwa kwa Kiswahili ni ombi, posa au ushauri, na hapa hakuna aliyeomba kitu. Andika: “Haruhusiwi kuendesha mashine hii mtu asiye na idhini ya mkuu wa maabara.” Katika huduma za afya nimekwisha kushindwa, kwa kuwa wenye miradi wameandika “ufikiaji wa huduma” hadi wagonjwa wenyewe wanalisema, nami siku hizi nafumba macho. Maabarani sifumbi.

Sentensi yako ya pili ni fupi, lakini ndiyo ya hatari zaidi. Ulikusudia kila mmoja aingie kwa akaunti yake, lakini akaunti “ya kila mtu” husomwa kuwa mali ya wote, na watu wataikimbilia ile moja ambayo nywila yake imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Siku matokeo yatakapotiliwa shaka, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja tu lililofanya kazi za idara tatu, mchana na usiku, bila kupumzika. Kanuni ya Marekani ya rekodi za kielektroniki, inayozibana maabara za dawa tangu 1997, inataka sahihi ya kielektroniki iwe ya mtu mmoja na isipewe mwingine baada yake. Hata asiyetengeneza dawa anaweza kuona kwa nini. Andika “Kila mtumiaji aingie kwa akaunti yake mwenyewe,” na hilo “yake mwenyewe” ulipigie mstari.